Kwa Mbuvi

Salama, Makueni
11 Februari 2024

Mama Mkubwa mpendwa,

Natanguliza "Aa" yangu ya kuitikia, maana najua utaniamkua "Wakya" kabla hujamaliza kuichana bahasha. Mimi ni mzima. Duka la vifaa vya ujenzi bado linaniweka, malori yanapita mchana kutwa na vumbi lake tunalila na chapati. Goti lako linaendeleaje? Ndengu zilikubali? Nilikupigia simu mara tatu, ukajibu "halo" kwa sauti ya kuita ng'ombe aliyepotea, kisha ukakata. Basi nimeona turudi kwa kalamu. Sugow, yule wa kununua mbuzi, amekubali kubeba barua zetu kila akipita kati ya Zombe na barabara kuu.

Sasa habari yenyewe. Kuna ramani kwenye mtandao ambayo haichorwi na serikali wala kampuni. Inachorwa na watu wa kawaida wanaojitolea, kila mtu na kwao. Jumamosi tunakaa kama watu kumi na wawili nyuma ya kanisa hapa Salama, tunaangalia picha zilizopigwa kutoka angani, tunachora barabara, nyumba na visima. Siku ya kwanza nilitafuta kwetu. Mama, hapakuwa na kitu! Zombe ilikuwepo, nukta moja, halafu peupe mpaka mwisho wa kioo. Nilikasirika kama mtu aliyeambiwa hajazaliwa.

Nimekaa miezi minne kupajaza. Nimechora njia ya kanisani, shule, nyumba yetu, zizi, hata choo. Mto nimeuchora upya kwa sababu walikuwa wameupandisha mlimani. Kiongozi wetu husema picha ya angani itakuonyesha paa lakini haiwezi kukuambia jina, jina ni la mwenyeji. Hapo hakuna aliyeniweza. Nimeandika majina arobaini na moja, yote kutoka kichwani, bila kumuuliza mtu.

Nimekuchapishia kwa rangi, imo ndani ya bahasha. Ibandike mahali uione ukinywa chai.

Binti yako,
Kanini


Zombe, Kitui
5 Machi 2024

Mwanangu Kanini,

Wakya. Umeshaitikia, basi tuendelee.

Goti ni lile lile, limeniahidi tutazikwa pamoja. Ndengu tulivuna, kunde zikaliwa na wadudu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Miwani yangu ilivunjika mkono nikaifunga na uzi, kisha kioo kikaanguka jikoni na kuku akakikanyaga. Barua yako niliisoma kwa kuisogeza juani, lakini maandishi ya ile ramani ni madogo kama mayai ya chawa. Niliona rangi tu, na nyumba yetu, kwa sababu uliizungushia kalamu nyekundu.

Choo changu umekiweka mtandaoni kwa ruhusa ya nani? Sasa dunia nzima inajua ninakokwenda asubuhi.

Lakini nikwambie ukweli, nililia. Nilifundisha ngumbaru miaka kumi na tisa, watu wazima wanashika kalamu kama mpini wa jembe, na sikuwahi kuona majina ya huku yamechapishwa popote isipokuwa kwa kadi za mazishi. Sikuiweka jikoni. Niliipeleka kanisani Jumapili, mchungaji akaibandika karibu na mlango. Watu walijaa pale kila mmoja akitafuta bati lake. Mulinge, mtoto wa marehemu jirani yetu Mbuvi, alisimama hapo mpaka ibada ikaanza, akaipiga picha na simu. Alinipa mkono akasema, "Mama, wewe ulilea."

Na ramani yako imefika wakati wake. Watu wa kupima mashamba wanasema watafika huku kabla ya katikati ya mwaka. Hatimaye nitapata karatasi ya ule ukingo wa mto. Unajua ndio maisha yangu. Kile kisima cha mchangani hakikukauka hata ule mwaka tulipochuna ngozi za ng'ombe mpaka visu vikawa butu. Watu wa mradi wa maji nao wanataka kujenga ukuta wa kuzuia mchanga pale pale, ili maji yaongezeke, lakini kwanza wanataka mwenye ukingo aweke sahihi. Kwa hiyo nitazeeka nikiwa na maji mlangoni. Nimeshazeeka, basi nitakufa nayo.

Mama yako,
Syokau


Zombe
22 Aprili 2024

Kanini,

Wakya. Watu ni wazima, mbuzi ni wazima, mvua ilinyesha siku tatu ikaenda zake. Hizo ndizo salamu.

Watu wa kupima walikuja Alhamisi. Savea alifungua karatasi pale mtoni akauliza, "Hapa ndipo Kwa Mbuvi?" Kabla sijameza mate, Mulinge akajibu, "Ndipo. Kwa baba yangu." Mimi nikasema hapana, ukingo huu ni wa nyumba yetu. Savea akataka ushahidi. Mulinge akatoa simu, akaonyesha ramani yako. Ile ile niliyoipeleka kanisani kwa mikono yangu miwili.

Wewe ni Mkamba, huhitaji kufundishwa. Huku mahali pakiitwa kwa fulani, ni kwa fulani. Hakuna anayepewa jina la mahali kwa urembo. Mbuvi alikuwa akinywesha ng'ombe pale. Aliomba njia, akapewa njia na mzee wa nyumba hii, na kila mwaka alileta kibuyu cha maziwa kushukuru. Ardhi hakupewa. Jembe lake halikuwahi kugusa ule ukingo.

Sasa wameandika "ugomvi" kwenye kitabu chao, na kamati itausikiliza. Ujenzi wa ukuta wa mchanga nao umesimamishwa mpaka mwenyewe ajulikane.

Nijibu swali moja na usinizungushe. Nani alikuambia uandike hivyo? Mulinge hupita hapo Salama akienda Nairobi. Mlikutana? Alikununulia chai? Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliishona mwenyewe tangu ukiwa na miaka sita, siku ile mdogo wangu alipofariki nikakubeba kutoka kwenye matanga yake.

Syokau


Salama
19 Mei 2024

Mama Mkubwa,

Aa. Natumaini goti limepumzika. Nimekununulia miwani, ipo ndani ya kisanduku alichobeba Sugow. Kama nguvu zake hazikufai niambie nibadilishe.

Sijakutana na Mulinge. Sijanywa chai ya mtu. Kazi hii ni ya kujitolea na hakuna anayenilipa hata maji ya kunywa. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama dukani mbele ya wateja, na ilibidi niende nyuma kwenye misumari nijifanye nahesabu.

Unauliza nani aliniambia. Hakuna mtu aliyekuja kuniambia. Ni jina nililokua nalo, nililisikia nyumbani. Naomba tusichimbe zaidi ya hapo.

Kama nilikosea, ramani hii si jiwe. Ninaweza kubadilisha kwa dakika mbili. Niandikie tu jina lililo sahihi. Panaitwa kwa nani?

Kanini


Zombe
16 Juni 2024

Kanini,

Wakya. Miwani imenifaa, asante. Nimeona mengi ambayo nilikuwa nimepumzika kuyaona.

Unauliza panaitwa kwa nani. Ni kwa mzee wa nyumba hii, baba wa marehemu mume wangu. Umeelewa. Andika hivyo.

Mtoto wa Mulinge anayejua kompyuta ameingia ndani ya hiyo ramani yenu akatoa karatasi inayoonyesha nani aliandika nini. Inasema jina hilo liliwekwa tarehe kumi na nne Januari na "Kanini wa Zombe". Ndivyo unavyojiita huko? Mulinge sasa anatembea nayo sokoni akiwaambia watu, "Shahidi wangu ametoka nyumba ya Syokau mwenyewe." Watu wananiangalia kwa huruma, na huruma ya watu wa soko siitaki.

Kamati itakaa Alhamisi tarehe nane Agosti, katika uwanja wa shule. Njoo. Usiniletee sukari wala leso. Simama tu mbele yao useme ulikosea.

Na "nililisikia nyumbani" ni jibu gani? Nyumbani tulikuwa watatu, mimi, marehemu mume wangu Mutunga na wewe. Mutunga hakuwa na jina la pale, yeye alisema "kwetu" tu, maana mtu hamtaji baba yake ovyo. Wewe ulikuwa mtoto. Basi.

Karatasi imeisha.

Syokau


Salama
14 Julai 2024

Mama Mkubwa,

Aa. Mimi ni mzima wa mwili.

Jana tulikuwa tukiandika majina ya vichochoro vya hapa Salama. Nilimkuta mama mmoja anauza machungwa kando ya barabara, anaitwa Wayua, wa umri wako. Nikamuuliza, "Mama, huku nyuma kwenye nyumba nyingi panaitwaje?"

"Huko ni kwa wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

Akacheka, akajifunika mdomo na leso. "Wee msichana, si uulize mtu mwingine? Mimi nimeolewa huko. Hiyo jina ni ya mzee, baba ya bwanangu. Siwezi kuitaja. Ni nthoni."

"Sasa mtu akiuliza njia unamwambia aje?"

"Namwambia kwa Fundi. Kulikuwa na fundi wa baiskeli alikaa hapo kitambo."

Nilikalia kreti yake ya machungwa. Nthoni. Neno hilo nalijua tangu utotoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu ambayo mwanamke anayo kwa baba mkwe wake, na sikuwahi kufikiri ingeweza kuingia ndani ya ramani.

Mama, ni wewe. Sikutaka kuliandika, lakini sasa nimeliandika. Miaka kumi na miwili nilikaa kwako, na kila siku ilikuwa, "Kanini, chukua mtungi uende kwa Mbuvi. Kanini, mbuzi wameteremka kwa Mbuvi." Mbuvi alikuwa akinywesha ng'ombe pale, ukaazima jina lake ili usitaje la baba mkwe wako. Mimi si wa ukoo huo. Mzee alikufa kabla sijaletwa. Ningejuaje? Shuleni watoto walisema Kwa Kaloki, nami nilidhani ni kule juu kwenye miamba. Ni Kaloki, sivyo? Nimefuta Kwa Mbuvi jana hiyo hiyo, nikaandika Kwa Kaloki.

Na kinachoniuma si hicho. Ulijua. Ulipoandika kwamba nyumbani tulikuwa watatu, ukawaondoa wawili na kuishia hapo, ulijua ni nani amebaki. Ukaniambia karatasi imeisha. Uliniita mla chai ya Mulinge huku ukijua. Mimi nilikaa kimya miezi miwili nisikuaibishe, wewe ukautumia ukimya wangu kunipiga nao.

Tarehe nane nitakuja nikipata ruhusa.

Kanini


Salama
25 Agosti 2024

Mama Mkubwa,

Aa, ingawa hukuniamkua. Sugow anasema amepita mara mbili akakuta mlango umefungwa na mbuzi wamefungwa.

Najua ulinitazamia. Wiki ile nilipelekwa Ikutha kuwafundisha vijana kuchora ramani ya kwao. Walikuwa zaidi ya thelathini, na kulikuwa na wageni wa mradi waliotoka Nairobi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mwalimu. Nilifikiri wewe kati ya watu wote ungeelewa neno hilo.

Hapana, ngoja niseme vizuri. Ruhusa sikuomba. Jumanne nilisimama mbele ya wale vijana nikawaambia kwamba mwenyeji hakosei jina la kwao. Ningewezaje Alhamisi kusimama Zombe niseme mimi mwenyeji nilikosea, na wageni wale wale wana simu na wanasikia kila kitu? Niliona haya. Nilijiambia kwamba kwa vile nimeshasahihisha ramani, itasema yenyewe.

Matokeo nimeyasikia kwa Sugow. Amenisimulia machache kisha akasema ana haraka.

Kuna mtu amerudisha Kwa Mbuvi kwenye ramani. Nikibadilisha, anarudisha tena. Nimefanya hivyo mara nne. Niambie nifanye nini. Ukisema nipigane nao, nitapigana mpaka wachoke.

Nisamehe.

Kanini


Zombe
6 Oktoba 2024

Kanini,

Wakya. Safari hii usiitikie, sikiliza tu.

Mvua bado. Mmoja wa mapacha wa mbuzi mweupe amekufa. Goti limekubali fimbo. Nilipokea barua zako zote mbili. Nilikuwa ndani Sugow alipogonga, na sikutaka kufungua mlango.

Ulisema kweli. Nilijua tangu ile siku savea alipouliza pale mtoni. Nilisikia jina likitoka mdomoni mwake kwa sauti yangu mwenyewe. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu, na hasira ni nyepesi kubeba kuliko kosa, kwa hiyo nikakubebesha wewe. Hilo ni langu, nimelikubali, na nimemwambia Mungu.

Sasa sikia lako.

Walitukalisha kwenye madawati ya watoto chini ya hema. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, unasema pale si Kwa Mbuvi. Panaitwaje?" Nikasema ni kwa baba wa mume wangu. Akasema, "Jina, mama. Hapa tunaandika majina." Watu wa Mulinge wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kicheko. Nikaangalia barabara mpaka pale inapopinda. Nilijua kwamba wewe ungeweza kulitaja bila dhambi, na ungewaeleza kwa nini ulikosea, na wazee wote pale wangekuelewa mara moja, maana nao wana wake nyumbani. Hukuja.

Basi nikalitaja. Miaka hamsini na mmoja nimekaa nyumba hii, na mzee yule sikuwahi kumtaja wala kumpita mbele bila kuinama. Wanawake wa rika langu waliangalia chini. Nilihisi nimevuliwa nguo kwenye uwanja ambao niliwafundisha watu kusoma.

Unajua mwenyekiti alifanya nini? Alipekua karatasi zake. Akasema, "Jina hilo limewekwa kwenye ramani tarehe kumi na tatu Julai, ugomvi ukiwa umeshaandikwa. La kwanza liliwekwa Januari, kabla ya ugomvi. Yote mawili yameandikwa na mtoto wako. Tuambie, mama, alidanganya lini? Januari au Julai?" Ni kule kusahihisha kwako kulikofanya tuonekane waongo. Na swali lile halikuwa langu kujibu. Kila mtu akageuka kumtafuta Kanini wa Zombe.

Nikajaribu kuwaeleza habari ya nthoni. Kijana mmoja wa kamati akasema hayo ni mambo ya zamani, leteni ushahidi. Mulinge akasimama kwa adabu, sikatai, kwa adabu kabisa, akasema, "Mama ni mtu wa wokovu. Nauliza kitu kimoja tu. Miaka hii yote, wewe mwenyewe ukitumana maji, umekuwa ukisema kwa nani?"

Ningedanganya, Kanini. Ulimi ulishatoka. Lakini nimeokoka tangu ukiwa darasa la pili, na Biblia ilikuwa pale mezani. Nikasema, "Kwa Mbuvi." Ikaisha hapo, hata chai haikuwa imechemka.

Ukingo umeandikwa kwa jina la Mulinge. Ameweka sahihi kwa watu wa mradi, na mchanga umeanza kuchimbwa kwa msingi wa ukuta. Amezungusha seng'enge. Kwangu ameacha pengo la kupitia, kwa hisani yake, na ameniambia niingie wakati wowote bila kubisha. Sijaingia. Napanda na punda hadi kisima cha bomba, nusu siku kwenda na kurudi. Majirani wanasema nina kiburi. Ni kweli, ndicho kilichobaki kwenye ghala. Wifi zangu nao walikuja kunidai mbuzi wa kunitakasa, kwa kutaja jina la baba yao hadharani. Nilitoa. Walikula, mimi sikula.

Unaniambia Ikutha walikuita mwalimu. Nimefurahi, na sisemi kwa kejeli. Ikutha ni Kitui hii hii, ungetoka asubuhi ungefika. Unasema uliona haya. Nami niliona haya, Kanini, na nikasimama.

Unaomba msamaha. Nimekusamehe kwa mdomo kwa sababu Neno linaniamrisha. Moyo una safari yake na sitakudanganya imefika wapi. Krismasi ukija utakuta kitanda chako kimetandikwa. Usije na mfuko mkubwa.

Unauliza kama upigane na hao wanaorudisha jina. Usiiguse tena. Savea ameliandika, kamati imelipigia muhuri, mradi umelichora kwenye bango la bati kando ya njia. Mtoto atakayezaliwa huku leo atasema Kwa Mbuvi, na atakuwa sahihi. Ulipoliandika Januari lilikuwa kosa, langu na lako. Sasa si kosa tena. Ramani yako ni ya kweli, mwalimu, yote.

Ni mimi,
Syokau, niliyeolewa kwa Kaloki